Kuinua jeep si kosa, lakini sentimita 5 zinatosha

Butembo – Kila mvua inaporudi kwenye milima ya Lubero, garaji za Butembo hujaa jeep. Nyingi zina umri wa miaka ishirini na zaidi: Land Cruiser za serie 80, Prado za kwanza-kwanza, Nissan Patrol, Pajero, Hilux Surf. Zimefika kupitia Mombasa na Kampala, zikavuka Kasindi zikiwa tayari zimechoka, na hapa ndipo zinapoanza kazi yao ngumu kuliko zote. Mwenye gari hushuka, humwonyesha fundi pengo kati ya tairi na bodi, kisha husema neno moja tu: inua.

Fundi akiuliza aiinue kiasi gani, mara nyingi jibu linatolewa kwa kiganja, si kwa mita. Mmoja anataka vidole vitatu, mwingine anataka iwe ndefu kuliko ya jirani. Ndiyo maana kwenye barabara moja utaona jeep iliyoinuliwa kwa busara na nyingine inayotembea kama ngamia, imesimama juu ya vipande vya bomba la maji vilivyochomelewa usiku.

Jambo hili halipaswi kuachiwa mitindo. Kuinua jeep ya zamani kwa sentimita 4 au 5, kwa vifaa kamili, ni uamuzi wa akili kwa mtu anayeishi na barabara hizi. Kuinua zaidi ya hapo, au kuinua kwa kazi ya nusu, kunawatia abiria hatarini kuliko tope lenyewe.

Sababu ya kweli ipo

Wako wanaocheka kwamba kuinua gari ni maringo ya vijana. Hao hawajapita njia ya Butembo–Manguredjipa wakati wa mvua. Malori ya Fuso yanabeba mizigo mizito na magurudumu yao yanachimba mifereji miwili mirefu kwenye udongo mwekundu, huku katikati kukibaki tuta. Lori linapita. Jeep inayofuata inatumbukiza magurudumu mferejini, tumbo linakaa juu ya tuta, na magurudumu yanazunguka bila kushika kitu.

Gari hilo halikubeba watalii. Limebeba kakao, mchele, mafuta ya mawese, na mara nyingine mama mjamzito anayepelekwa hospitali. Kulala njiani upande ule si usumbufu tu. Wakaaji wa kule wanajua vizuri usiku unaweza kuleta nini. Kwa hiyo mtu anayetafuta sentimita chache chini ya gari lake anatafuta kufika nyumbani.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalihesabu. Jeep ya miaka ishirini na tano haina tena kimo ilichotoka nacho kiwandani. Resori zimelegea, hasa za nyuma. Mwenye gari anayesema ameliinua kwa sentimita 5 baada ya kuweka resori mpya huenda amelirudishia sentimita 2 au 3 lilizokuwa limepoteza, na zilizobaki ndizo nyongeza. Ndiyo maana kazi yote inapaswa kuanza kwa mita: kupima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kwenye pembe zote nne, gari likiwa tupu na mahali pa tambarare. Kupima kutoka ardhini kunadanganya, kwa sababu tairi moja ikiwa na upepo mdogo vipimo vyote vinapotea. Zile namba nne zikiandikwa kwenye karatasi, ubishi kati ya mteja na fundi unaisha.

Kile ambacho kuinua hakufanyi

Hapa ndipo feza nyingi hupotea. Land Cruiser serie 80 na Patrol zina ekseli nzima, mbele na nyuma. Katikati ya kila ekseli kuna kichwa cha ponti, lile bonge la chuma linalokwaruza tuta kabla ya kitu kingine chochote. Resori ndefu zinainua bodi na shasi, lakini ekseli inabaki pale pale, kwa sababu inakaa juu ya magurudumu, si juu ya resori. Mtu anaweza kuinua gari kwa sentimita 15 na kichwa cha ponti kisisogee hata milimita moja.

Kinachoinua ponti ni tairi peke yake. Tairi iliyozidi kwa sentimita 5 kutoka ukingo hadi ukingo inaongeza sentimita 2 na nusu chini ya ponti, kwa sababu nusu ya nyongeza iko juu na nusu iko chini. Faida ya kuinua bodi kidogo ni nyingine: shasi, tangi la mafuta na ngazi za pembeni havigusi haraka, gari linapanda kingo bila kugonga pua wala mkia, na tairi yenye meno mazuri inapata nafasi ya kuzunguka bila kukwaruza bodi. Kwa mwenye feza kidogo, tairi nne nzuri za matope kwenye kimo cha kiwandani zitamsaidia kuliko resori ndefu zenye tairi zilizonyolewa.

Na tairi kubwa nazo zina bei yake. Zikizidi kwa asilimia 5, saa ya mwendo ikionyesha 60 gari linakwenda 63. Breki zinalazimika kusimamisha gurudumu zito zaidi, na injini ya zamani inachoka zaidi kwenye mlima.

Kazi ya nusu

Ukipita kwenye garaji utaona njia za mkato za aina nyingi. Iliyo ya kawaida ni kuweka vipande vya mpira mgumu au vya chuma juu ya resori za zamani. Gari linapanda siku hiyo hiyo na mteja anafurahi. Lakini resori iliyokuwa imechoka bado imechoka, haikupata nguvu yoyote. Amortisere, zile bomba zinazozuia gari lisirukeruke, zimebaki na urefu ule ule. Gurudumu likishuka kwenye shimo, amortisere inafika mwisho wake kabla ya resori na kuvutwa kwa nguvu kila mara. Baada ya muda inavuja, au kishikizo chake kinakatika.

Kwenye Pajero za miaka ya 1990 na Hilux Surf nyingi za wakati ule, mbele hakuna resori za kuzunguka. Kuna fito ndefu za chuma zinazojisokota. Fundi anakaza bolti mbili na pua ya gari inapanda bila kununua kitu. Ni rahisi, ndiyo maana inapendwa. Lakini kila mzunguko wa bolti unakula ule mshuko wa gurudumu ambao gari linauhitaji kwenye mashimo. Ikizidishwa, gari linakuwa gumu kama mkokoteni, rotila zinaisha upesi, na kardani za mbele zinafanya kazi zikiwa zimepinda. Mpira unaofunika kardani unachanika, tope linaingia kwenye grisi, na baada ya hapo ni suala la siku tu.

Kwa Prado yenye magurudumu ya mbele yanayojitegemea, kardani ndiyo inayoweka mpaka. Karibu sentimita 5 ndicho kiasi ambacho vifaa vya kiwandani vinaweza kuvumilia. Anayevuka hapo ajiandae kununua kardani kama anavyonunua mafuta.

Serie 80 na Patrol nazo zina ugonjwa wao. Ekseli ya mbele inaposhushwa mbali na shasi inajigeuza kidogo, na ule mwinamo unaorudisha usukani katikati unapungua. Dereva anaona gari linatangatanga barabarani, kila mara analirekebisha kwa mkono. Pia ile fito ya pembeni inayoshikilia ekseli isiteleze inaivuta ekseli upande mmoja. Kwa sentimita 5 haya yanarekebishika kwa silentibloki maalumu na fito inayorefushwa. Kwa sentimita 10 bila marekebisho, gari hilo halifai kubeba watu.

Kuna pia hatari ambayo haionekani kabisa. Toyota nyingi za zamani zina valvu ya breki za nyuma iliyounganishwa na ekseli kwa kijiti. Gari likibeba mzigo linashuka nyuma, kijiti kinasukuma valvu, na breki za nyuma zinapata nguvu zaidi. Gari likiinuliwa na kijiti kikaachwa kama kilivyokuwa, valvu inadhani gari ni tupu siku zote. Likijazwa magunia na kuteremka mlima, breki za nyuma zinafanya kazi kidogo wakati zinahitajika sana. Kijiti hicho kinaweza kurekebishwa kwa muda mfupi, lakini ni lazima mtu ajue kwamba kipo.

Vivyo hivyo kwa mabomba laini ya breki. Kabla gari halijatoka garaji, gurudumu linapaswa kushushwa mpaka mwisho na fundi aangalie kama bomba la breki limebaki na ulegevu. Bomba lililovutwa kama kamba ya gitaa litakatika, na halitachagua mahali pazuri pa kukatikia.

Kazi kamili

Kazi nzuri haina siri. Ni resori nne zinazolingana na uzito halisi wa gari, amortisere nne za urefu unaolingana na resori hizo, silentibloki mpya pale za zamani zimepasuka, valvu ya breki kurekebishwa, na paralelismu mwishoni. Resori si za kuchaguliwa kwa rangi. Zilizotengenezwa kwa gari linalobeba kilo 400 kila siku zitalifanya gari tupu lirukeruke na kupoteza mshiko kwenye kona. Laini zitalala siku ya kwanza ya mzigo.

Mambo mawili madogo yanatenganisha fundi na mtu mwenye funguo. La kwanza: bolti za silentibloki hukazwa mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si likiwa linaning'inia. Zikikazwa hewani, mpira unabaki umesokotwa siku zote na unachanika mapema. La pili: baada ya kilomita mia chache gari linarudi ili bolti zote zikazwe tena na vipimo vile vinne vichukuliwe upya.

Na usalama wa fundi mwenyewe usisahauliwe. Gari lililoshikwa na kriki peke yake si mahali pa kuingiza kichwa. Resori iliyobanwa ina nguvu ya kuua mtu. Vijana wengi wanaojifunza kazi katika garaji za pembeni wanafanya haya kwa kamba na bahati. Mwenye gari anayebishania bei hadi dola ya mwisho ajue kwamba mara nyingi stendi za chuma na vifaa vya kubana resori ndivyo vinavyokuwa vya kwanza kukosekana.

Mzigo wa juu

Hata kazi ikifanywa vizuri, bado kuna swali la portibagaji. Chukua jeep ya kilo 2,200 ambayo kituo cha uzito wake kiko sentimita 75 kutoka ardhini. Kuiinua kwa sentimita 5 kunapandisha kituo hicho hadi 80 kwa wingi. Sasa iache kwenye kimo cha kiwandani, lakini iwekee kilo 200 juu ya paa, kwenye mita 2 na kidogo. Kituo cha uzito kinapanda hadi karibu 86. Fanya yote mawili pamoja, kinavuka 91.

Maana yake ni wazi. Magunia mawili ya juu yanavuruga uthabiti wa gari mara mbili zaidi ya kuliinua. Aliyeinua jeep yake na bado anaipakia paa, kisha vijana wawili wakapanda juu ya magunia, ametengeneza gari linalongoja kona. Anayeinua lazima ashushe mzigo: vizito ndani na chini, juu vibaki vyepesi. Huo ndio mkataba. Asiyeuweza aache kuinua.

"Lakini ni ghali"

Hoja hii ni ya kweli na haifai kudharauliwa. Seti kamili ni mamia ya dola, na gari linatakiwa kulisha familia wiki hiyo hiyo. Ndiyo sababu soko la Kisekka kule Kampala lina wateja wengi kutoka Butembo, na ndiyo sababu vipande vya bomba vinapata kazi.

Lakini umaskini haubadilishi jinsi chuma kinavyofanya kazi. Mwenye feza kidogo ana mpango mwingine, unaokwenda hatua kwa hatua. Kwanza breki na rotila. Kisha tairi. Kisha amortisere na resori za kimo cha kiwandani, hata za kutumika, mradi zilingane kulia na kushoto na zisiwe na mipasuko. Gari likishakuwa zima hivyo, wengi wataona kwamba hawakuhitaji kuinua kitu. Walihitaji kurudishiwa gari lao. Atakayeona bado anagusa tuta, huyo aanze kuweka akiba ya sentimita 5 zake.

Wamiliki wa jeep za abiria wana wajibu mzito zaidi. Mwenye gari la binafsi anajihatarisha mwenyewe na jamaa yake. Anayeuza nafasi kwa watu wanane ameuza pia ahadi kwamba alichokiweka chini ya gari kinastahili uzito wao. Kontrole tekniki ingefanya kazi ya maana kama, kabla ya kupiga muhuri, mtu angeinama chini ya gari na taa: aone mabomba ya breki, aone kama kuna chuma kilichochomelewa kwenye ekseli ya mbele, apime kimo cha kulia na kushoto. Dakika kumi zinatosha. Karatasi inayotolewa bila kuinama hailindi mtu yeyote.

Barabara haiinuliwi kwa bolti

Bado kuna jambo ambalo hakuna fundi anayeweza kulitengeneza. Kila jeep inayoinuliwa Butembo ni kodi ya pili ambayo raia anailipia barabara. Kodi ya kwanza ameshailipa: tangu 2008 kuna mfuko wa taifa wa matengenezo ya barabara, FONER, unaolishwa na makato ya mafuta na vituo vya malipo njiani. Dereva analipa kwenye pampu, analipa kwenye kizuizi, kisha anakwenda garaji kulipia resori ndefu ili apite mahali ambapo malipo hayo hayajaonekana.

Hatari ya kuzoea kuinua ni hiyo. Jeep inayopita inawapa wakubwa nafasi ya kusema njia inapitika. Inapitika kwa nani? Si kwa mama anayesukuma tshukudu, si kwa motari mwenye mgonjwa, si kwa gari dogo. Inapitika kwa aliyepata dola za kuinua, na hata yeye kwa msimu mmoja, mpaka mifereji iongezeke kina na watu waanze kuomba sentimita 10.

Dawa ya mifereji inajulikana na si ya ajabu: mitaro ya pembeni ili maji yasikae barabarani, kantonye wenye majembe wanaolipwa kila mwezi, na bariere za mvua zinazosimamisha malori mazito mpaka udongo ukauke. Bariere inayofunguliwa kwa mfuko wa mwenye lori inaharibu kwa usiku mmoja kazi ya wiki nzima. Wafanyabiashara wa Butembo wanajua kuchangia kazi za mji wao. Wanaweza pia kukubaliana kwamba lori zao zitangoja saa chache.

Mpaka siku hiyo, wenye jeep wataendelea kufika garaji, na ni haki yao. Waje na mita na siyo kiganja. Wamwulize fundi kuhusu amortisere, mabomba ya breki na kile kijiti cha nyuma, na kama hajui kijiti ni nini, waende kwa mwingine. Wakitoka na sentimita 5 zilizofanywa vizuri, washushe magunia kutoka juu ya paa. Na wakifika kwenye kizuizi cha malipo, waombe risiti, waitunze, na waulize kwa sauti feza hiyo imejenga mtaro gani.